Hasara Tano za Akiolojia

Katika mtihani wa kidato cha sita hakuna karatasi ya sheria. Hakuna ya udaktari, hakuna ya uhandisi wa barabara, hakuna ya saikolojia wala ya uandishi wa habari. Kila wakili unayemwona na joho lake mahakamani, kila daktari aliyewahi kukupima presha, aliomba chuo akitaka kusomea kitu ambacho shule yake haikukifundisha hata kipindi kimoja. Hakuna aliyemwambia ameruka ngazi. Mtoto wa miaka kumi na minane akisema anataka kuwa mwanasheria, nyumba nzima inapiga vigelegele, na hakuna mjomba anayekohoa pembeni na kuuliza, "Sheria? Hiyo umeisomea wapi?"

Swali hilo tumewawekea wengine. Niliulizwa mimi nilipotaka kuomba akiolojia. Anaulizwa anayetaka isimu, anayetaka jiolojia, anayetaka sayansi ya hali ya hewa. Na kwa kuwa sasa ni Julai, matokeo yametoka na madirisha ya maombi yamefunguliwa, najua linaulizwa usiku huu kwenye sebule nyingi, kwa sauti ya upole kabisa, na ndugu wanaoamini kwamba wanamwokoa mtoto asipotee. Mimi nasema ndio wanaompoteza. Nasema pia kwamba swali lenyewe halina ukweli ndani yake. Wanaoliuliza wana mambo mengine mawili matatu wanayotaka kuyajua, na wanaona aibu kuyasema.

Nianze na nilichofundishwa. Nilisoma sekondari ya kata mkoani Iringa. Kidato cha kwanza, kwenye historia, kuna mada ya vyanzo vya historia, na aliyepita shule za Tanzania anaikumbuka: masimulizi ya mdomo, maandishi, maeneo ya kihistoria, makumbusho, isimu, akiolojia. Kila chanzo kina faida zake na hasara zake. Mwalimu anaandika ubaoni kwa Kiingereza, nyie mnanakili, mnakariri. Akiolojia kwetu ilipata faida nne na hasara tano. Hasara ninazo kichwani mpaka leo kwa mpangilio wake: inahitaji wataalamu, ni ghali, inachukua muda mrefu, haiwezi kutuambia watu wa kale walizungumza lugha gani, na matokeo yake yanaweza kutafsiriwa vibaya. Basi. Hiyo ndiyo akiolojia yote niliyofundishwa katika miaka sita ya sekondari. Tulijua ubaya wake kabla hatujajua inafanywaje. Ni kama kumfundisha mtu kuogelea kwa kumwandikia idadi ya waliozama.

Ukurasa uliofuata ulikuwa na orodha ya maeneo ya Zama za Mawe katika Afrika Mashariki. Olduvai. (Wamaasai wanaita Oldupai, kwa jina la mkonge wa porini unaoota pale, wageni walisikia vibaya, na kosa lao ndilo tunalofanyia mtihani.) Olorgesailie ya Kenya. Nsongezi ya Uganda. Na Isimila.

Isimila! Iko kama kilomita ishirini kutoka Iringa mjini, ukishika barabara ya Mbeya. Sisi tulikuwa tunaijua kama korongo lenye nguzo za mchanga, mahali pa kupiga picha. Hatukujua kwamba yale mawe yaliyochongwa pande mbili, yenye umbo la tone la maji, ni mashoka ya mkono yaliyotengenezwa na watu walioishi pale zamani sana kabla ya kabila lolote linalojulikana leo. Mwaka 1951 msafiri mmoja aliyekuwa akitoka Afrika Kusini kwenda Nairobi aliyaona, akayaokota, na habari zikaenea. Mwaka 1957 na 1958 akaja Clark Howell kutoka Chicago na wenzake, wakachimba. Kutoka Chicago! Na mimi niliyekuwa na nauli ya daladala ya kufika pale nilikuwa darasani nikikariri kwamba kazi hiyo ni ghali na inachukua muda mrefu.

Mwalimu alilisoma jina la Isimila kwa sauti ileile aliyosomea Nsongezi, akaendelea. Simlaumu. Alikuwa na mikondo mitatu, mada nyingi mbele yake, na mtihani wa taifa ambao hauulizi kama umewahi kulishika lile jiwe. Ninayemlaumu ni mtu mzima anayeichukua orodha ya masomo ya shule ile na kuifanya mpaka wa akili ya mtoto. Orodha ya masomo ya sekondari hupangwa kwa hesabu ya walimu waliopatikana, vitabu vilivyofika na vyumba vilivyokwisha kupauliwa. Kwetu fizikia ilikufa kidato cha tatu. Je, fizikia ilikuwa imepoteza umuhimu? Hapana, mwalimu wake alikuwa amehamia Mafinga kumfuata mumewe. Angehama wa historia, labda leo ningeambiwa sina msingi wa historia.

Na kabla hujafika chuo kuna geti lingine, la tahasusi. Ukiwa na miaka kumi na sita, kumi na saba, unajaza fomu ya machaguo: PCM, PCB, EGM, HGL, HKL. Herufi tatu tatu kama namba za magari. Unazichagua kwa masomo uliyofaulu, na ulifaulu masomo yaliyokuwa na mwalimu. Hakuna anayekwambia kila mlango wa herufi tatu unatokea wapi. Mimi niliangukia HGL. Rafiki yangu wa dawati moja, aliyekuwa anajua hesabu kuliko sisi wote, aliangukia HGL pia, kwa sababu ya yule mwalimu wa fizikia aliyehamia Mafinga.

Sasa nije kwenye sebule yetu. Baba yangu ni fundi seremala, hapendi maneno mengi. Mama alisikia "kuchimba" na "mifupa" katika sentensi moja akaomba habari hizo zisitajwe tena usiku. Aliyekuwa na neno la mwisho kwenye mambo ya shule ni mjomba, mwalimu mstaafu, mtu ninayemheshimu mpaka kesho. Akanikalisha.

"Mwanangu, nyumba haisimami bila msingi. Wewe msingi wako ni historia na Kiingereza. Nenda ualimu. Hiyo akiolojia umeisomea wapi?"

"Mjomba, naomba kuuliza. Ulipokwenda chuo cha ualimu, ulikuwa umeusomea ualimu wapi?"

Baba akajifanya anakohoa. Mjomba akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mimi walimu niliwaona. Wewe huyo mtu wa akiolojia umemwona wapi?"

Na hapo, kwa heshima zote, mjomba alisema jambo la kweli kuliko swali lake la kwanza. Huo ndio ulikuwa uchungu wake. Sheria haisomwi sekondari lakini mawakili tunawaona kwenye taarifa ya habari. Udaktari hausomwi lakini zahanati ipo. Tunamruhusu mtoto kutaka kitu ambacho jirani anakifanya, na tunaita hiyo busara. Kwa hiyo mtoto aliyekulia Masaki, ambaye baba wa rafiki yake ni mjiolojia na shangazi yake ni msanifu majengo, anaruhusiwa kutaka mambo mengi. Aliyekulia kijijini anaruhusiwa kutaka ualimu, unesi, upolisi na upadri. Shule zao wote wawili hazikufundisha jiolojia. Tofauti yao ni nani huja kula pilau kwao siku ya sikukuu. Ukimuuliza mtoto wa fundi seremala "umeisomea wapi", umemuuliza ukoo wake, na umemuuliza huku ukijua jibu.

Mwalimu wa taaluma wa shule niliyosoma kidato cha sita alikuwa na msimamo wa mjomba, ila hakuwa na upole wake. Alituambia mstarini kwamba vyuo vinatafuta waliobobea na kwamba anayeomba asichokisoma anachezea nafasi ya mwenzake. Watu wazima husema mambo kama haya bila kufungua kitabu. Mwongozo wa udahili unaotolewa na Tume ya Vyuo Vikuu upo wazi, mtu yeyote anaweza kuusoma: kwa shahada kama yangu, chuo kilichotaka ni ufaulu katika masomo mawili makuu ya kawaida ya kidato cha sita. Hakikudai uwe umesoma akiolojia. Kingedaije? Chuo kilikuwa kimeuacha mlango wazi. Waliousimamia ni watu wa katikati ambao hakuna aliyewaajiri kuulinda.

Siku ya kutuma maombi nilikwenda stesheneri, kama wote. Kijana wa pale alikuwa anajaza maombi ya watu watatu kwa wakati mmoja, akiendesha orodha ya kozi kwa kidole. Kozi zimeandikwa kwa Kiingereza, majina matupu, moja chini ya lingine, hakuna hata mstari wa kueleza mtu akiingia humo atakuwa anafanya nini. Akafika herufi A.

"Dada, hii si ndiyo ya ramani za nyumba?"

"Hapana, hiyo iko chini yake. Mimi hii ya kuchimba."

"Madini?"

"Vya kale."

Akanitazama, akatazama foleni nyuma yangu, akabonyeza. Ndivyo maisha ya watu yanavyoamuliwa nchi hii, na nataka wakuu wa idara za vyuo vikuu walioketi ofisini na mitaala mizuri ya kurasa themanini walijue hilo. Mtaala wenu wote, mtoto anakutana nao kama neno moja la Kiingereza kwenye skrini ya stesheneri, limebanwa katikati ya mengine mia, na anayemtafsiria ni kijana ambaye karatasi za risiti zimemwishia.

Sasa niseme jambo ambalo sijasikia likisemwa, na ndilo lililonifanya nikae kuandika. Somo ambalo shule hazifundishi ndilo somo la haki kuliko yote.

Fikiria kemia. Mwaka wa kwanza wa chuo, aliyetoka shule yenye maabara anaingia akiwa amemimina tindikali kwenye mirija miaka minne. Aliyetoka shule ya kata ameiona mirija hiyo kwenye mchoro, au ameishika wiki mbili kabla ya mtihani. Wanaketi benchi moja na wanaambiwa wanaanza pamoja. Hawaanzi pamoja. Mmoja amelipiwa tuisheni tangu darasa la tano. Lakini tulipoingia darasa la kwanza la akiolojia tulikuwa na watoto wa seminari, watoto wa shule za kulipia zenye mabasi ya njano, na sisi wa kata, na mhadhiri aliposema "stratigrafia" tuliinua vichwa wote kwa mshangao mmoja. Hakuna tuisheni ya stratigrafia. Hakuna kitabu cha maswali na majibu cha stratigrafia kinachouzwa Kariakoo. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya shule, hakuna aliyekuwa amenitangulia.

Na jambo likageuka kabisa tulipokwenda uwandani, Bagamoyo. Tukapewa vifaa: mwiko wa mwashi, chekeche, uzi, misumari, timazi, pimamaji. Kazi ya kwanza ilikuwa kupima mraba wa mita mbili kwa mbili, pembe zikae sawasawa, na kuta za shimo zishuke wima, kwa sababu ukuta ukilala huwezi kuzisoma tabaka za udongo. Vijana waliokuwa wakijibu maswali yote darasani wakahangaika na uzi asubuhi nzima. Mimi nimekulia karakana. Nimeshika timazi kabla sijashika kalamu. Tatu, nne, tano ya kupata pembe mraba alinifundisha baba kwenye fremu za milango, hata sikujua kwamba ina jina la Mgiriki. Nilimaliza mraba wangu, nikaitwa kusaidia wengine. Kwenye kundi letu alikuwepo pia dada mmoja ambaye bibi yake alikuwa mfinyanzi. Vilipoanza kutoka vigae, yeye alikuwa akikigeuza kigae mara moja kwenye vidole na kusema huu ni mdomo wa chungu, huu ni tumbo, hiki kilipigwa rangi kabla ya kuchomwa. Mhadhiri alikuwa anakwenda kuhakikisha na kukuta ndivyo.

Umeisomea wapi, mjomba? Karakana. Na mwenzangu kwenye kibaraza cha bibi yake. Ule msingi niliokuwa nikiambiwa sina ulikuwa pale nyumbani, umelala kwenye sanduku la zana la baba, na hakuna aliyefikiria kuutazama kwa sababu hautolewi cheti.

Wapo walioshindwa, sikatai. Wawili katika darasa letu walihama kozi baada ya muhula wa kwanza, mmoja kwa sababu ya jua tu. Lakini wanaohama kutoka kozi za "msingi" hatuwahesabu, wala hatuwahesabu walionyamaza wakabaki. Nina wenzangu waliochagua shahada ya ualimu wa kemia kwa sababu kemia ndiyo waliyoijua. Walichokuwa wanakijua ni kemia. Ualimu, yaani kusimama mbele ya watoto tisini saa nane mchana, hawakuwa wanaujua kuliko mimi nilivyojua kuchimba. Walisomea kitu kisichofundishwa shuleni kama mimi, ila wao walidhani wamekisoma.

Ukitazama historia ya fani yenyewe, swali la mjomba linazidi kuchekesha. Fuvu la Zinjanthropus, ambalo kila mtoto wa Tanzania anakariri jina lake, aliliona Mary Leakey tarehe 17 Julai 1959, mumewe akiwa kambini ana homa. Mama huyo hakuwa amesoma chuo kikuu. Akiwa msichana alifukuzwa shule mbili. Taya la Peninj, karibu na Ziwa Natron, liligunduliwa mwaka 1964 na Kamoya Kimeu, Mkenya aliyeingia kwa akina Leakey kama kibarua wa kuchimba na elimu ya shule ya msingi. Mwaka 1984 huyohuyo akaona kipande cha kwanza cha mifupa ya yule kijana wa Turkana anayejulikana dunia nzima. Chuo kimoja cha Marekani kilimpa udaktari wa heshima mwaka 2021, mwaka mmoja kabla hajafariki. Sisemi watoto wafukuzwe shule ili wawe mabingwa. Nasema tu kwamba waliotuandikia ukurasa ule wa kidato cha kwanza hawakuwa wameusoma.

Lakini mfano ninaoupenda si wa zamani. Mwaka 2016 zilitangazwa nyayo mpya za binadamu wa kale kule Laetoli, katika eneo ambako mwaka 1978 zilipatikana zile maarufu za miaka zaidi ya milioni tatu na nusu. Walioziona safari hii walikuwa kundi la Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakifanya kazi na wenzao wa Italia. Tena hawakuwa wamekwenda kuwinda nyayo. Walikuwa wanakagua ardhi kwa sababu kulikuwa na mpango wa kujenga makumbusho pale, na kabla ya kujenga sharti mtu aangalie utaharibu nini. Watanzania, kwenye udongo wa Tanzania, katika idara iliyoanza mwaka 1985 kama kitengo kidogo tu. Kila mmoja wa wahitimu wa idara ile aliwahi kuwa mtoto anayeulizwa ameisomea wapi.

Habari hiyo ya ukaguzi inanileta kwenye swali la pili, lile linalojificha nyuma ya la kwanza: utaajiriwa wapi? Hilo ni swali halali. Mzazi aliyeuza ng'ombe ana haki ya kuliuliza, na Bodi ya Mikopo nayo huliuliza kwa namna yake, maana kwa miaka mingi miongozo yake imekuwa na fani za kipaumbele, na akiolojia haijawahi kukaa jirani na udaktari. Nami nalijibu bila kupaka rangi: kazi ni chache. Tunayo Sheria ya Mambo ya Kale tangu 1964, tunayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inayodai tathmini kabla ya miradi mikubwa, kwa hiyo reli, bomba au bwawa linapokuja, mtu wa kukagua urithi wa kale hutafutwa. Miezi mingine hatafutwi. Nimekaa miezi bila kazi. Nimekaa nayo pamoja na wahitimu wa ualimu, wa biashara na wa sheria, waliosomea mambo yenye msingi. Uliza swali la ajira, lakini muulize na mwanasheria. Ukimuuliza mmoja tu, tunaelewa unachofanya.

Kuna watakaosema mambo yamebadilika. Kweli, mwaka 2024 Serikali ilitangaza tahasusi mpya na jumla yake ikafika 65: kuna za muziki, za michezo, za sanaa, za dini. Nilifurahi, kisha nikapata wasiwasi. Tahasusi iliyoandikwa kwenye orodha ni jambo moja, na shule yenye piano na mtu wa kuipiga ni jambo lingine. Muziki utafundishwa katika shule chache, nyingi za mjini. Na mwalimu wa taaluma atapata hoja mpya: zamani alimwambia mtoto "muziki haufundishwi, usiuombe", sasa atamwambia "muziki unafundishwa, na wewe hukuwa huko". Milango imeongezwa, na kila mlango umekuja na mlinzi wake. Kama vyuo navyo vitaanza kudai tahasusi hizo kwa wanaoomba fani hizo, basi mtoto wa kwaya ya kijijini, anayesoma nota za tonic solfa usingizini na kuongoza sauti nne bila kinanda, atakuwa mbali na shahada ya muziki kuliko alivyokuwa kabla hajasaidiwa.

Ninachotaka hakihitaji tahasusi ya sitini na sita. Nataka kila idara iandike ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, kabla ya watoto wa kidato cha nne kujaza fomu, na ukurasa huo usiwe na neno "fursa". Ueleze Jumanne ya mwaka wa pili: unaamka, unakwenda wapi, unashika nini, unachoka nini. Yangu ingesema utapiga magoti juani ukisugua udongo kwa brashi saa tano, utapata kipande cha chungu kama ukucha, utakiandika namba, na usiku utagombana na mwenzako kuhusu kipande hicho kama watu wanaogombea urithi. Kuna mtoto mahali fulani akisoma hayo atakimbia, na kuna mwingine atashindwa kulala.

Nataka pia mwalimu wa historia wa kidato cha kwanza apewe ruhusa ya kuacha hasara tano kwa siku moja, awapeleke watoto nyuma ya shule kwenye shimo la taka lililofukiwa. Wachimbe kwa uangalifu, taratibu, tabaka kwa tabaka. Juu watakuta mifuko ya karatasi iliyokuja baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku mwaka 2019. Chini yake plastiki yenyewe. Chini zaidi betri za redio, vizibo vya soda ya chupa, nibu ya kalamu ya wino. Hiyo ni stratigrafia, na inagharimu jembe. Kwa shule za Iringa, Kondoa, Kilwa na Karatu, hata shimo la taka si lazima.

Wiki iliyopita amenipigia shemeji, mume wa dada yangu, analima nyanya Ilula. Tukasalimiana, tukaulizana habari za mvua, akafika kwenye shida. Kijana wao amemaliza kidato cha sita, amefaulu fizikia na hisabati vizuri, na ameng'ang'ania kuomba sayansi ya hali ya hewa, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

"Shemeji, zungumza naye, wewe anakusikiliza. Hivi shuleni kuna somo la mvua?"

Nikamuuliza mwaka jana alipoteza matenga mangapi mvua ilipokuja mapema. Akanitajia, na sauti ikabadilika, maana hasara ile bado inamuuma. Nikamuuliza redio anaiwasha saa ngapi kusikiliza utabiri. Akasema kila siku, asubuhi na jioni, na kijana ndiye humfuatilia kwenye simu, tena ana daftari, tangu kidato cha pili anaandika siku mvua iliponyesha na walichotabiri, kuona nani alipatia.

"Daftari la miaka mitano, shemeji?"

"Analo. Limejaa, sasa yuko kwenye la pili."

"Basi umejijibu."

Akanyamaza. Nikasikia jogoo, na dada yangu nyuma akimwambia kitu. Kisha akasema atafikiria. Jana usiku kijana kaniandikia: "Mama mdogo, baba bado anafikiria. Dirisha linafungwa Ijumaa." Nimemtumia pesa ya maombi, na nimemwambia alipige picha lile daftari, ukurasa kwa ukurasa.